Lengo la Kifungu: Swali Linalopewa Alama Moja

Mwanafunzi wa kidato cha nne anapofungua karatasi ya pili ya Kiswahili katika mtihani wa KCSE, jambo la kwanza linalomlaki ni kifungu cha ufahamu. Kifungu hicho hutengewa alama 15 kati ya 80 za karatasi nzima, na maswali yake yamezoeleka mno hivi kwamba mwalimu mkongwe anaweza kuyabashiri kabla bahasha haijafunguliwa: taja, eleza, thibitisha, toa maana ya maneno yafuatayo kama yalivyotumika. Mahali fulani, aghalabu mwanzoni, huwapo swali la kukipa kifungu anwani mwafaka. Swali hilo hutuzwa alama moja. Mara nyingi ndilo swali la pekee linalomtaka mtahiniwa akitazame kifungu kizima kama kitu kimoja chenye mwelekeo, na hata hilo halimwulizi kifungu kiliandikwa kwa ajili gani. Linamwuliza kinahusu nini.

Tofauti baina ya maswali hayo mawili si ndogo kama inavyodhaniwa. Tangazo la harambee ya mazishi linahusu marehemu, jamaa zake na siku ya maziko. Lengo lake ni kuomba mchango. Tangu huduma ya M-Pesa ilipoanzishwa mwaka 2007, Wakenya wengi wamepokea ujumbe mfupi wa simu unaowaarifu kwamba ile pesa waliyoahidi kutuma sasa itumwe kwa nambari nyingine. Ujumbe huo unahusu deni. Lengo lake ni wizi. Msomaji anayeweza kutaja mada ya ujumbe, kueleza maana ya kila neno na kuufupisha kwa maneno sita, lakini asiweze kung'amua umeandikwa ili afanye nini, amesoma na hajafahamu.

Hebu ichukuliwe taarifa fupi kama hii, iliyotungwa kwa ajili ya mjadala huu:

"Zahanati yetu ni fahari ya kijiji. Ilifunguliwa kwa shangwe na vigelegele miaka mitatu iliyopita, na utepe wake mwekundu ungali unaning'inia mlangoni. Kuta zimepakwa rangi ya samawati, na ua hufagiwa kila asubuhi. Wagonjwa hawasumbuliwi na harufu ya dawa, kwa kuwa dawa hazijafika. Akina mama wajawazito hupata mazoezi mema ya viungo: hutembea kilomita kumi na mbili hadi mjini kujifungua. Muuguzi tuliyeahidiwa anatarajiwa wakati wowote. Eti barabara ndiyo inayomchelewesha. Hata hivyo, tusikate tamaa. Mheshimiwa amekwisha kuagiza utepe mwingine wa kufungulia zahanati ya pili."

Maswali ya mkondo uliozoeleka yangekuwa haya: zahanati ilifunguliwa lini? Taja mambo mawili yanayoonyesha kwamba zahanati hudumishwa katika hali ya usafi. Akina mama wajawazito husafiri umbali gani? Ni nini kinachomchelewesha muuguzi? Eleza maana ya maneno 'fahari', 'utepe' na 'samawati' kama yalivyotumika katika taarifa. Mtahiniwa anayeamini kwa dhati kwamba taarifa hii ni ya kuisifu zahanati atayajibu maswali yote hayo barabara. Atakapofikia anwani, ataandika 'Zahanati ya Kijiji Chetu', na yumkini atapewa alama yake. Atatoka katika chumba cha mtihani na alama zote, au zote isipokuwa moja, huku akiwa hajaelewa hata chembe ya kilichosemwa. Huo ndio upungufu mkubwa wa namna ufahamu unavyotahiniwa nchini: inawezekana kuupita bila kufahamu.

Ikumbukwe kwamba mambo hayakuwa bora katika shule za msingi. Katika mtihani wa KCPE, uliofanywa kwa mara ya kwanza mwaka 1985 na kwa mara ya mwisho mwaka 2023, mtoto alichagua jibu moja kati ya manne. Kwa taarifa ya zahanati angewekewa kwamba lengo ni kueleza manufaa ya mazoezi kwa wajawazito, au kuhimiza usafi, au kusifu maendeleo ya kijiji, au kuwasuta viongozi wanaothamini sherehe kuliko huduma. Mtindo huo una manufaa yake, kwani angaa humlazimisha mtoto kulinganisha. Lakini pia humfunza hila: jibu refu kuliko mengine ndilo sahihi, jibu lenye neno la kifungu limewekwa kama mtego, jibu lenye maadili mema halikosi. Mtoto hodari wa hila hizo alifika kidato cha kwanza akiwa na ujuzi wa kuusoma mtihani, si ujuzi wa kusoma.

Sehemu ya utata huu imeletwa na istilahi, na hapa wanafunzi wa vyuo vikuu hawana budi kubeba sehemu yao ya lawama. Mada, maudhui, dhamira, ujumbe, wazo kuu, lengo, nia, kusudi: maneno haya hutumiwa katika mihadhara na katika tasnifu kana kwamba ni pande za sarafu moja. Katika mapokeo ya uhakiki wa Tanzania, dhamira huwekwa ndani ya maudhui, sambamba na ujumbe, msimamo, falsafa na migogoro. Dhamira ni jambo linaloshughulikiwa na kazi, kama vile ukombozi au nafasi ya mwanamke. Katika madarasa mengi ya Kenya, dhamira hutajwa kama nia ya mwandishi, yaani kile alichokusudia kukitimiza. Neno lenyewe ni la asili ya Kiarabu na lina udugu na dhamiri, kile kilichofichika moyoni, jambo linaloipa nguvu matumizi ya Kenya. Hata hivyo, haifai kugombania ni upande upi wenye haki. Tatizo ni kwamba mwanafunzi hukutana na vitabu vya pande zote mbili katika juma moja, mhadhiri hasemi anatumia neno kwa maana ipi, na mwanafunzi huyo huyo, akishafuzu na kuwa mwalimu, huwauliza wanafunzi wake 'dhamira ya kifungu' na kukubali jibu lolote linalofanana na mada. Afadhali neno lengo litumike kwa swali la 'ili iweje', na mada kwa swali la 'kuhusu nini'. Ni maneno mepesi na hayana mzigo wa mabishano.

Wako wataalamu watakaopinga kwamba lengo la mwandishi halijulikani wala halipaswi kutafutwa. Wimsatt na Beardsley walidai hivyo mwaka 1946, na Roland Barthes akatangaza mauti ya mwandishi mwaka 1967. Wanafunzi wa uzamili hupenda sana kuyataja majina haya, hasa wanapotaka kuepuka kazi ya kuthibitisha. Lakini Wimsatt na Beardsley walikuwa wakizungumzia kigezo cha kuamua ufanisi wa kazi ya sanaa, na nia waliyoikataa ni ile iliyo kichwani mwa mtunzi na isiyoonekana katika kazi yenyewe. Waraka wa chifu kuhusu maji si shairi. Naye J. L. Austin, katika mihadhara yake iliyochapishwa mwaka 1962, alionyesha kwamba kusema ni kutenda: mtu husema ili aahidi, aonye, aamuru, aombe radhi. Tendo hilo halimo kichwani mwa msemaji peke yake. Limo katika maneno na katika mazingira ya kusemwa kwake, na kwa hivyo linaweza kuchunguzwa.

Mtaalamu anayefaa kukumbukwa zaidi ni I. A. Richards. Katika kitabu chake cha mwaka 1929 aligawa maana katika matawi manne: maana yenyewe ya maneno, hisia za msemaji kuhusu anachokisema, toni yake kwa anayeambiwa, na nia. Kitabu hicho kilitokana na zoezi alilowapa wanafunzi wake wa Cambridge. Aliwagawia mashairi yasiyo na majina ya watunzi, akawaomba waandike maoni yao. Wengi wao, vijana waliosoma katika shule bora za Uingereza, walipotoka vibaya. Walikosa hata kutambua kilichokuwa kikisemwa, seuze kilichokusudiwa.

Zoezi la Richards lina mfanano wa ajabu na kifungu cha mtihani. Kifungu kikishatolewa katika gazeti, hotuba au kitabu, hunyang'anywa jina la mwandishi, tarehe, mahali kilipochapishwa na kichwa chake. Aghalabu hupunguzwa pia ili kitoshe katika ukurasa. Vitu hivyo ndivyo msomaji wa kawaida anavyovitumia, bila hata kujua, ili kutambua lengo. Mtu akisoma gazetini makala ya kusifu mbegu mpya ya mahindi, hutazama kwanza kama yamo katika ukurasa wa habari au katika ukurasa uliolipiwa na kampuni ya mbegu. Mtahini humwondolea mwanafunzi ukurasa huo, kisha humwomba abuni kichwa kuchukua mahali pa kile kilichofutwa. Juu ya hayo, kifungu kikishaingia mtihanini hupata lengo la pili ambalo mwandishi wake hakulifikiria kamwe. Mwanafunzi mtundu akiulizwa lengo la kifungu, akajibu kwamba ni kupima ufahamu wake, hataambulia kitu, ingawa kwa kweli hajakosea.

Fasihi ya Kiswahili imejaa mifano ya umuhimu wa mazingira hayo. Abdilatif Abdalla alifungwa kwa muda wa miaka mitatu baada ya kuandika waraka wa Kenya: Twendapi? mwaka 1968, na mashairi aliyoyatunga gerezani yakachapishwa katika diwani ya Sauti ya Dhiki mwaka 1973. Shairi la 'Mamba' lililomo humo likipewa mwanafunzi bila jina la mtunzi wala habari za kifungo chake, haitashangaza akiandika kwamba linahusu mnyama mkali wa majini. Atakuwa ametaja mada ya juu na kuliacha shairi. Kwa upande mwingine, Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, humwambia msomaji waziwazi nani anazungumza na nani: mama mgonjwa anamuusia bintiye. Lengo lake linaelekea kuwa bayana, la kufunza adabu na mwenendo wa ndoa. Hata hivyo, wako wahakiki wanaousoma utendi huo kama kejeli iliyofunikwa, mafunzo ya kumtawala mume kwa kumtii. Msomaji hatakiwi kuamini upande wowote kwa kuwa umesemwa na profesa. Anachotakiwa ni kurudi kwenye beti na kuonyesha ni maneno gani yanayouunga mkono.

Kiswahili kina hazina ya ishara za lengo zilizomo katika sarufi yenyewe, ambazo hufundishwa katika kipindi cha matumizi ya lugha na kusahaulika katika kipindi cha ufahamu. Neno 'eti' katika taarifa ya zahanati linatosha kuwa mfano. Katika orodha za aina za maneno, 'eti' hutajwa na kupitwa haraka. Lakini anayeandika 'barabara ndiyo inayomchelewesha' ameripoti sababu. Anayeandika 'eti barabara ndiyo inayomchelewesha' ameikana sababu hiyo, akaibwaga mlangoni mwa aliyeitoa. Herufi tatu zimegeuza taarifa kuwa shutuma. Mwanafunzi aliyefundishwa kulitazama neno hilo hawezi tena kusema kwamba taarifa inasifu.

Kauli za vitenzi nazo hueleza mengi. 'Fedha za basari zilitumika vibaya' ni sentensi iliyo katika kauli ya kutendeka. Hakuna aliyezitumia, zilitumika tu, kama jinsi maji yanavyochemka. 'Fedha za basari zilitumiwa vibaya' huacha nafasi ya kuuliza na nani. 'Mhasibu alizitumia vibaya fedha za basari' imekwisha kujibu. Mwandishi anayechagua sentensi ya kwanza katika ripoti nzima, ukurasa baada ya ukurasa, ana jambo analolitaka, nalo ni kwamba msomaji asiulize. Mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kunyambua vitenzi hivi usingizini. Ni nadra kuulizwa kwa nini mwandishi wa kifungu alipendelea mnyambuliko mmoja badala ya mwingine.

Ngeli za udogo na ukubwa ni hivyo hivyo. Kumwita mzee 'kizee', mtu 'kijitu' au 'jitu', ni kutoa hukumu kabla ya ushahidi. Bila shaka si kila ki- ni tusi, na kijana hatukanwi kwa kuitwa kijana. Ndiyo maana kanuni za kukariri hazisaidii hapa. Kitenzi katika dhamiri tegemezi, kama 'tusikate tamaa', huonyesha kwamba msomaji anasukumwa atende au asitende, hata kama aya nzima iliyotangulia ilikuwa ya maelezo matupu. Kwa kawaida lengo hujitokeza pale ambapo maelezo yanageuka kuwa himizo, na mgeuko huo huweza kuwa sentensi moja tu mwishoni. Basi mwanafunzi anayepima lengo kwa kuhesabu mistari, akidhani kwamba kilichoandikiwa mistari mingi ndicho kilichokusudiwa, atakosea mara nyingi.

Wapo watakaoona kwamba mjadala huu ni wa alama moja na haustahili kelele zote hizi. Wafikirie yaliyotokea nchini wakati wa uchaguzi wa Desemba 2007 na baada yake. Vikaratasi na jumbe fupi za simu zilisambazwa zikizungumzia kuondoa 'madoadoa'. Kwa maana ya kamusi, maneno hayo yanahusu usafi. Mtu yeyote angeweza kuyapa anwani na kueleza maana ya kila moja. Waliolengwa na waliotumwa walielewa vyema yaliandikwa ili nini kifanyike. Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki iliripoti mwaka 2008 kwamba watu 1,133 walipoteza maisha yao katika ghasia hizo. Itakuwa ni upuuzi kudai kwamba vipindi bora vya ufahamu vingeziepusha. Waliouua hawakuua kwa sababu ya kutojua kusoma. Lakini sheria ya utangamano na uwiano wa kitaifa, iliyopitishwa mwaka huo huo wa 2008, inapofafanua matamshi ya chuki haiishii kwenye maneno. Inauliza kama aliyeyatoa alinuia kuchochea chuki ya kikabila, au kama, kwa kuzingatia hali zote, yaelekea chuki hiyo ingechochewa. Kwa maneno mengine, hakimu anatakiwa kujibu swali la lengo na kulithibitisha kwa ushahidi wa kifungu na mazingira yake. Raia naye hulijibu kila uchaguzi unapokaribia, akiwa na simu mkononi na bila mwongozo wa kusahihisha.

Kuna pingamizi moja lenye uzito. Mtihani unaofanywa na mamia ya maelfu ya watahiniwa unahitaji majibu yanayosahihishika kwa namna moja kutoka kituo hadi kituo, na swali la lengo hufungua mlango wa mabishano. Hofu hiyo ina msingi, lakini hoja yenyewe haina mashiko ikipimwa kwa karatasi zile zile za KCSE. Karatasi ya kwanza ni ya insha, alama 40, ambazo hutolewa kwa uamuzi wa msahihishaji kuhusu mtindo, msamiati na mantiki. Karatasi ya tatu ni ya fasihi, na humtaka mtahiniwa athibitishe kauli kwa mifano kutoka katika matini. Ikiwa kinaya cha tamthilia kinaweza kusahihishwa, kinaya cha sentensi tisa kinaweza pia. Kinachohitajika ni swali liulize: mwandishi anakusudia kumfanya msomaji afikiri au atende nini? Thibitisha kwa mambo mawili kutoka katika kifungu. Alama moja iwe ya lengo na mbili za uthibitisho, na jibu tofauti na la mwongozo likubaliwe endapo uthibitisho wake umesimama. Na chini ya kifungu pawekwe mstari mmoja unaosema kilitoka wapi na lini, hata kama kimefupishwa.

Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa katika shule zote nchini mwaka 2019, unaitaja fikra tunduizi miongoni mwa umilisi wa kimsingi. Ni fursa nzuri, ijapokuwa kutaja ni jambo moja na kutahini ni jingine. Walimu hufundisha kinachotahiniwa. Watakaotunga maswali ya miaka ijayo wengi wao wamo katika kumbi za mihadhara hivi leo, wakinakili fasili tatu tofauti za dhamira bila kuuliza zinatofautiana kwa nini.

Wanafunzi wa ualimu watakaokwenda mazoezini muhula ujao wanaweza kuanza bila kungoja waraka wowote. Badala ya kifungu cha kitabu, abebe mmoja wao tangazo lililobanduliwa katika kituo cha matatu, mwingine barua ya mkuu wa shule kuhusu karo, mwingine taarifa ya zahanati iliyomo katika makala haya. Wanafunzi wasome mara moja, vitabu vikiwa vimefungwa, kisha waulizwe nani anamwambia nani, ili iweje, na ni neno gani lililowaonyesha hivyo. Msamiati unaweza kusubiri kipindi cha pili.